Wamtupe bure, wamnunue ghali, halafu kosa liwe la kijana?

Tuambizane ukweli leo, ndugu msomaji, maana vijiweni uongo umezidi kipimo.

Ingia kibanda chochote cha kuonyeshea mpira, kiwe cha Manzese, Mbagala au Tandika, ulitaje jina la Paul Pogba kisha nyamaza. Utasikia hukumu zikishuka kama mvua ya masika. Kijana jeuri! Kijana wa nywele na kucheza dansi! Alipewa kila kitu na Manchester United, akala pesa akalala!

Nawe unatikisa kichwa kukubali. Unakubali kwa sababu umeyasikia mara nyingi, na uongo ukirudiwa sana huvaa kanzu ukaonekana mcha Mungu.

Hivi umewahi kujiuliza swali moja dogo tu? Klabu inawezaje kumwacha mchezaji aondoke karibu na bure, halafu miaka 4 baadaye imrudie kwa bei ambayo dunia ya soka ilikuwa haijapata kuiona? Nani alikosea hesabu hapo? Aliyeondoka, au aliyemfanya aondoke?

Kaa chini. Leo tunalifungua faili hili ukurasa kwa ukurasa, ili siku nyingine mtu akikuletea habari za mchezaji aliyetemwa kisha akabembelezwa arudi, uwe na la kujibu.

SIKU YA AIBU OLD TRAFFORD

Ilikuwa tarehe 31 Desemba 2011. Siku hiyo bwana mkubwa Alex Ferguson alikuwa anatimiza miaka 70. Wageni wake walikuwa Blackburn Rovers, timu iliyokuwa ikiburura mkia wa Ligi Kuu ya Uingereza. Mteremko mtupu, au siyo?

United walikuwa na majeruhi tele. Darren Fletcher alikuwa mgonjwa. Michael Carrick alikuwa amevutwa nyuma kuziba pengo la mabeki. Katikati ya uwanja palikuwa wazi kama kiwanja cha yatima. Hapakuwa na kiungo.

Hapakuwa na kiungo? Alikuwapo! Pogba huyo huyo, umri miaka 18, kiungo wa kuzaliwa, aliyekuwa ameisaidia timu ya vijana ya United kutwaa Kombe la Vijana la FA mwezi Mei mwaka ule ule. Kijana wa wazazi kutoka Guinea, aliyekulia viunga vya Paris, aliyefuatwa na United hao hao mwaka 2009 akiwa Le Havre na umri wa miaka 16, wakimwambia njoo kwetu, kwetu ndiko vijana hukua.

Sasa nafasi imejileta yenyewe. Kocha akampanga nani? Akamchukua Rafael, beki wa kulia, akamtupa katikati. Akamwongeza Park Ji-sung, mtu wa pembeni. Kiungo wa kweli hakugusa mpira hata dakika moja.

Matokeo? United 2, Blackburn 3. Nyumbani. Siku ya kuzaliwa ya kocha.

Pogba alikuja kueleza baadaye jinsi jambo lile lilivyomchukiza. Nawe ungechukia. Mtu akikuambia hujaiva, unavumilia. Lakini mtu akichukua fundi seremala akampa kazi ya umeme, na wewe fundi umeme umesimama pale pale na bisibisi mkononi, huyo hajakuambia subiri. Amekuambia hakuhesabu.

Na usidhani mechi ile ilipita hivi hivi. Msimu ulipofungwa Mei 2012, United na Manchester City walikuwa na pointi 89 kila mmoja. City wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao, 64 kwa 56. Umeelewa? Sare tu na Blackburn, siyo ushindi, sare tu, ingewapa United pointi ya 90 na kombe. Na hao Blackburn waliowafunga waliishia kushuka daraja.

Sisemi Pogba angefunga. Sisemi angeokoa jahazi. Nasema hakuna anayejua, kwa sababu mwenye timu hakutaka kujua. Hilo ndilo kosa.

MSTAAFU AITWA, KIJANA ASUBIRI

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Siku 8 tu baada ya kipigo kile, tarehe 8 Januari 2012, United walicheza na City kwenye Kombe la FA. Nani akatokea benchi kuziba pengo la kiungo? Paul Scholes. Miaka 37. Mtu aliyekwisha kuaga, aliyestaafu rasmi Mei 2011 na kukabidhiwa kazi ya kufundisha vijana.

Soma tena. Waliishiwa viungo, wakaenda kumgongea mlango mstaafu, na kijana yupo ndani ya nyumba.

Scholes alicheza vizuri, hilo siwezi kukataa. Mguu wake ulikuwa bado na nuru. United waliongoza ligi kwa pointi 8 zikiwa zimebaki mechi 6. Na bado wakaupoteza ubingwa ule. Mstaafu alileta heshima ya msimu mmoja na nusu, kisha akastaafu tena mwaka 2013, maana miaka haina rushwa. Yule ambaye angebeba miaka 10 iliyofuata alikuwa tayari amefunga mizigo.

Umewahi kuliona jambo hili mahali pengine? Mzee kaagwa kwa hotuba na zawadi ya godoro, baada ya muda unasikia karudishwa kwa mkataba maalumu kwa sababu eti hakuna mwenye uzoefu. Na wewe mwenye cheti chako unaambiwa ni taifa la kesho. Kesho hiyo inafika lini? Mimi sisemi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kinachouma zaidi ni kwamba Ferguson alikuwa anaijua dawa. Mwaka 1995 aliwaondoa Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis kwa mpigo, watu waliokuwa nguzo, akawapa nafasi watoto: David Beckham, Gary Neville, Nicky Butt, na Scholes mwenyewe huyo huyo. Watu wakamcheka. Mei 1996 akachukua ligi na Kombe la FA pamoja. Ferguson wa mwaka 1995 angemshika sikio Ferguson wa mwaka 2011. Scholes alikuwa Scholes kwa sababu zamani kuna mtu alithubutu kumwamini kabla hajathibitisha kitu. Ngazi waliyopandia wao, waliivuta juu baada ya kufika.

LAKI NANE KWA MILIONI 89

Mkataba wa Pogba ukaisha katikati ya mwaka 2012. Akaenda Juventus. United wakaambulia fidia ya malezi, takriban pauni laki 8. Katika soka la matajiri, hizo ni hela za nauli. Ferguson akalalamika kwamba kijana hakuwaonyesha heshima. Wakala wake, Mino Raiola, akatupiwa lawama zote za dunia.

Heshima! Neno hili walipende mabosi wote! Wewe unyimwe kazi, kimya. Ukienda kutafuta kwingine, huna heshima. Wakakusomea na methali: mkataa pema pabaya panamwita.

Basi tuone hapo pabaya palivyokuwa. Juventus wakampa jezi na uwanja. Akachukua ubingwa wa Italia mwaka 2013. Akachukua 2014. Akachukua 2015. Akachukua 2016. Mara 4 mfululizo! Mwaka 2014 alichaguliwa mchezaji bora kijana wa Kombe la Dunia kule Brazil. Mwaka 2015 akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Berlin. Pabaya gani hapa?

Na pale pema, hali ilikuwaje? Tuwe wakweli, Ferguson alichukua ubingwa wa 2013 bila Pogba, kisha akaondoka na heshima zake. Deni akawaachia waliobaki. Wakaanza kuhangaika na katikati ya uwanja kama mtu aliyepoteza ufunguo gizani. Mwaka 2013 wakamnunua Marouane Fellaini. Mwaka 2014 Ander Herrera. Mwaka 2015 Morgan Schneiderlin na Bastian Schweinsteiger kwa pamoja. Viungo 4, mamilioni juu ya mamilioni, na pengo liko pale pale.

Hatimaye Agosti 2016 wakameza mate na kiburi, wakaenda Italia na kapu la fedha. Pauni milioni 89. Rekodi ya dunia wakati ule, kuvuka bei ya Gareth Bale wa Real Madrid. Mtu waliyemwacha kwa laki 8 wakamrudia kwa zaidi ya mara 100 ya bei ile. Mtaani kwetu hilo lina jina lake: kulamba matapishi.

WAKANUNUA JERAHA LILE LILE

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana wengi hukomea kwenye kucheka bei.

Mimi sina ugomvi na kumrudisha mchezaji. Mtu akigundua amekosea, arekebishe, hata kama gharama ni kubwa. Ugomvi wangu ni huu: United walimrudisha mchezaji bila kulijibu swali lililomfukuza. Hakuna aliyesimama akasema, mwaka 2011 tulikosea, na tulikosea kwa sababu hizi. Walisaini hundi, wakapiga picha, wakauza jezi, wakafunika kombe mwanaharamu apite.

Na mwanaharamu hakupita.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Mei 2017, fainali ya Ligi ya Europa mjini Stockholm, Pogba akafunga bao la kwanza, Ajax wakalala 2-0. Julai 2018 akafunga katika fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa wakawachapa Croatia 4-2. Bingwa wa dunia! Ungetegemea klabu yake imbebe mabegani, siyo?

Septemba 2018, kocha José Mourinho akamvua unahodha msaidizi. Desemba 16 mwaka huo, United walikwenda Anfield kupambana na Liverpool. Pogba akasugua benchi dakika zote 90. United wakafungwa 3-1. Tarehe ni tofauti, kocha ni tofauti, bei ni tofauti, lakini picha ni ile ile ya Desemba 2011: timu inazama, na kiungo amekaa pembeni anaangalia.

Siku 2 baadaye Mourinho akafungashiwa virago. Akaja Ole Gunnar Solskjaer, akamrudisha Pogba uwanjani. Huddersfield, Desemba 26: mabao 2. Bournemouth, Desemba 30: mabao 2. United wakashinda mechi 8 za kwanza za kocha huyo bila kuteleza. Miguu ni ile ile. Nywele ni zile zile! Kilichobadilika ni mtu aliyeshika karatasi ya kikosi.

Mwisho wake unaujua. Juni 2022 mkataba ukaisha tena, akaondoka tena, safari hii bila hata ile laki 8. Sifuri! Akarudi Juventus. Miezi miwili kabla, katika mechi na Norwich, mashabiki wa Old Trafford walimzomea mchezaji wao wenyewe. Klabu moja, mchezaji mmoja, imempoteza mara mbili. Ukimpoteza mtu mara moja ni bahati mbaya. Ukimpoteza mara mbili, nyumba yako ina kasoro.

Najua utaniambia Pogba naye ana yake. Ni kweli, anayo. Mwaka 2019 alitangaza hadharani kwamba anawaza changamoto mpya, akiwa na mkataba mkononi. Majeraha yalimla. Na yaliyompata Juventus baadaye, kufungiwa kwa dawa zilizokatazwa, adhabu ya miaka 4 iliyopunguzwa hadi miezi 18 mwaka 2024, hayo hayahusiani na benchi la Ferguson wala la Mourinho, na simtetei. Mkosaji ahukumiwe kwa kosa lake. Lakini kosa la mwaka 2023 halimsafishi kocha wa mwaka 2011. Usikubali kuuziwa hesabu za namna hiyo.

NA CHELSEA WALE WALE

Ukidhani ni ugonjwa wa United peke yao, pita London.

Mwaka 2014 Chelsea, chini ya Mourinho huyo huyo, walimuuza Romelu Lukaku kwa Everton kwa pauni milioni 28. Kijana alikuwa na umri wa miaka 21, na nafasi kwenye kikosi chao hakuwahi kuipata sawasawa. Akazunguka, akafunga mabao Everton, akafunga United, akawapa Inter ubingwa wa Italia mwaka 2021. Agosti mwaka huo Chelsea wakamrudia. Bei? Pauni milioni 97 na nusu!

Haikupita nusu mwaka. Lukaku akahojiwa na televisheni ya Italia, akasema hafurahii anavyotumiwa. Tarehe 2 Januari 2022, mechi na Liverpool, kocha Thomas Tuchel akamtoa kabisa kikosini. Kiangazi cha mwaka huo kijana akarejeshwa Inter kwa mkopo. Milioni 97 na nusu kwa msimu mmoja!

Hapo pia nani aliuliza, kabla ya kusaini, kwa nini huyu hakutufaa mara ya kwanza? Na je, tunavyocheza leo tuna nafasi ya mtu wa aina yake? Hakuna. Waliona jina, wakaona mabao, wakaona jezi zitakavyouzwa. Hesabu ya uwanjani wakaiacha iamuliwe na kudra.

HAKI YA KOCHA, DENI LA KOCHA

Sasa watakuja watetezi wa wakubwa. Watasema kumweka mchezaji benchi ni haki ya kocha. Kabisa! Ni haki yake. Timu ina watu 11, wa 12 lazima akae. Anayedai kucheza kila mechi kwa sababu ya jina lake huyo naye ni mzigo.

Lakini kila haki ina deni lake. Kocha ana haki ya kuchagua, na ana deni la kumtazama kijana usoni na kumwambia: umekaa kwa sababu hii, ukirekebisha hili utacheza. Kocha anayefanya hivyo hata mchezaji akinuna, atanuna siku mbili atarudi mazoezini. Kocha anayekaa kimya, kisha akampanga beki mahali pa kiungo, huyo hajatumia haki. Ametumia ubabe. Na ubabe hulipwa kwa riba.

Usinitazame kama nazungumzia Ulaya tu. Hapa kwetu, dirisha la usajili likifunguliwa, huoni sinema hiyo? Mchezaji anakalishwa benchi, sababu hazisemwi, zinavujishwa. Mara haelewani na kocha, mara ana kiburi, mara ametumwa na watani. Sisi vijana ndio tunaobeba vumbi hilo kutoka kijiwe hadi kijiwe bila malipo. Anatemwa, tunashangilia. Akifunga mabao kwingine, tunaanza kuimba arudishwe. Akirudi, tunajaa uwanja wa ndege na ngoma. Akikosa mechi 2, tunamzomea. Kiongozi aliyeamua yote hayo amekaa zake ofisini, hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kitu.

MASWALI 3 KABLA YA KALAMU

Basi kijana, siku klabu yako ikitangaza kwamba inafikiria kumrudisha mchezaji iliyemkalisha benchi, usikimbilie ngoma wala usikimbilie matusi. Simama uulize maswali 3.

La kwanza: alikaa benchi kwa sababu gani, na nani anaisema sababu hiyo hadharani kwa jina lake? Kama hakuna wa kuisema, jueni ugonjwa haujapimwa, na mnataka kununua dawa kwa kubahatisha.

La pili: waliomkalisha bado wapo? Kama wapo, wamebadilika nini? Na kama wameondoka, mfumo wao umeondoka nao, au kiti kimebadilisha mkaaji tu? United walikuwa wamepita mikono ya makocha wengine kabla ya kumnunua Pogba, na benchi likamsubiri vile vile.

La tatu: anarudi kufanya kazi gani? Kama hakuna nafasi iliyo wazi uwanjani kwa ajili yake, basi mnanunua picha ya kutundika ukutani, na picha haikabi.

Wakijibu yote 3, mkaribisheni kwa mikono miwili, maana kurudi si aibu. Wakishindwa kujibu hata moja, wazuieni wasisaini, kwa sababu ni kiingilio chako na jezi unayonunua kwa jasho vinavyolipa makosa yao. Hela ya milioni 89 haikutoka mfukoni mwa Ferguson.

Na wewe unayesugua benchi lako leo, uwe uwanjani, kazini au kwenye karakana ya mtu, usikubali kuitwa msaliti kwa sababu umetafuta mahali pa kucheza. Pogba aliondoka na miaka 19, begi moja na jina la mkosa heshima. Miaka 4 baadaye waliomwita hivyo walipanga foleni mlangoni kwake na hundi.

Siku wakija kugonga kwako, fungua mlango, wape kiti, kisha waulize: kilichonikalisha benchi kimekwisha?

Majibu yao wasikupe kwa maneno. Wakupe kwa maandishi.